Wanafaulu mtihani, wanakwama kwenye majina

Na Mwandishi Maalumu, Endiinzi

KILA mwaka Baraza la Mitihani la Uganda (UNEB) linapotangaza matokeo ya kidato cha sita, maduka ya fotokopi ya hapa Endiinzi hujaa kuliko baa. Vijana kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale hushuka kwenye bodaboda wakiwa na bahasha za kaki mkononi. Wanatoa nakala tatu tatu za kila karatasi: hati ya matokeo, barua ya mwalimu mkuu, barua ya familia inayotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu, na cheti cha kidato cha nne kama shule imekwisha kukitoa. Kisha huanza safari ya Mbarara, na wengine huunganisha moja kwa moja hadi Kampala.

Vijana hao wamekwisha kufaulu. Wanachokwenda kutafuta ni mtu wa kuamini kwamba wao ndio waliofaulu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari upande huu wa wilaya ya Isingiro. Darasani kwangu wamo watoto wa wenyeji, wamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali. Nimewapeleka wengi kwenye chumba cha mtihani na nimeshangilia nao matokeo. Lakini kama mtu angeniuliza ni kitu gani kinachowazuia wengi wao wasifike Chuo Kikuu cha Mbarara cha Sayansi na Teknolojia, au pale Bishop Stuart, ningemjibu kwamba la kwanza ni umaskini, na hilo halina ubishi. La pili ni herufi.

Jina kama Mushagalusha huingia kwa karani wa Kinyankole likiwa na "l" na kutoka likiwa na "r". Chantal hugeuka Shantal. Mtoto aliyekuja na majina matatu kama ilivyo desturi ya Kongo, yaani jina lake, jina la nyongeza na jina la ubatizo, hukuta fomu yenye nafasi mbili tu. Karani wa usajili wa wakimbizi akaacha la kati. Mwalimu wa darasa la saba akaacha la mwisho. Sekondari wakaandika yote matatu lakini kwa mpangilio mwingine. Tarehe ya kuzaliwa nayo ina mambo yake: mtoto ambaye mama yake hakumbuki siku hupewa Januari 1, na akifika shule mwalimu mwenye bidii anamwandikia tarehe nyingine ili asionekane mkubwa kuliko wenzake.

Kwa miaka 13 ya shule hakuna anayejali. Mtoto anaitwa, anaitika, anakaa kwenye dawati. Siku anapoomba ufadhili wa chuo ndipo karatasi hizo zote zinawekwa mezani pamoja kwa mara ya kwanza.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na binti mmoja kutoka Kivu Kusini, hodari wa kemia na baiolojia. Alifaulu vizuri kuliko wavulana wote wa mchepuo wake. Mfadhili alimwita kwenye usaili, akaridhika naye, kisha akamwambia alete uthibitisho kwamba jina la kwenye hati ya matokeo na jina la kwenye barua ya familia ni la mtu mmoja. Ofisi ya kwanza ikamwambia jambo hilo ni la shule. Sisi shuleni tukaandika barua. Ofisi ya pili ikasema barua ya shule haitoshi, aende kwa wakili akale kiapo. Kiapo kilipopatikana, ofisi ya tatu ikasema kiapo hakiwezi kubadili kumbukumbu za mtihani. Alipokamilisha yote dirisha la maombi lilikuwa limefungwa, na nafasi yake imeshachukuliwa na mwingine ambaye, sina shaka, naye alistahili.

Mama yake alikuja shuleni, akakaa kwenye benchi la nje.

"Mwalimu," aliniambia, "ile jina si mimi niliandika. Ni wao waliandika. Sasa mbona ni mutoto wangu anaulizwa?"

Sikuwa na jibu la kumpa mama yule, na ndiyo sababu ya makala haya.

Namba nyingi, mtu mmoja

Hebu msomaji tufuate taarifa za mwanafunzi mmoja tu. Shule ina daftari lake la usajili na orodha inayopelekwa wizarani. UNEB ina namba yake ya mtahiniwa, na namba hiyo hubadilika kila anapofanya mtihani mwingine: ya darasa la saba si ya kidato cha nne, na ya kidato cha nne si ya kidato cha sita. Ofisi ya Waziri Mkuu na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) wana namba yake ya usajili, alama za vidole na picha ya macho. Mfadhili ana namba ya maombi. Chuo kikimpokea kinampa namba ya chuo. Hakuna hata moja kati ya namba hizo inayoijua nyingine. Kinachoziunganisha ni kijana mwenyewe na bahasha yake ya kaki.

Kwa mtoto wa mwenyeji hali ni nafuu kidogo, si sana. Yeye ana namba ya kitambulisho cha taifa. Anaweza kugombea nafasi 4,000 za wanafunzi wanaolipiwa na serikali katika vyuo vikuu vya umma, zikiwamo zile za mgao wa wilaya. Anaweza pia kuomba mkopo kwenye bodi ya kugharamia wanafunzi wa elimu ya juu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Mkimbizi hana mlango huo, kwani mkopo ule ni wa raia wa Uganda. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mtoto mkimbizi haki sawa na raia katika elimu ya msingi. Huko juu anategemea wafadhili.

Ufadhili unaojulikana zaidi Nakivale ni ule wa DAFI, uliopewa jina la Albert Einstein, mwanasayansi ambaye naye alikuwa mkimbizi. Ulianzishwa mwaka 1992 na serikali ya Ujerumani pamoja na UNHCR, na hadi sasa umesomesha vijana zaidi ya 20,000 katika nchi nyingi. Uganda yenyewe inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Mwaka 2019 UNHCR ilisema kwamba ni asilimia 3 tu ya vijana wakimbizi duniani waliokuwa katika elimu ya juu. Ripoti ya 2024 ilitaja asilimia 7. Lengo lililowekwa ni asilimia 15 ifikapo mwaka 2030. Misaada ilipungua sana mwaka 2025, hapa Nakivale kila mtu aliona kwenye mgao wa chakula, kwa hiyo sitarajii nafasi kuongezeka kwa kasi. Basi angalau zile chache zilizopo zisipotee kwa sababu ya "r" na "l".

Gunia la kahawa lina bahati

Wafanyabiashara wa mpakani wanaosoma gazeti hili watanielewa haraka nikiwapa mfano wa kazi yao. Zamani lori la bidhaa lililotoka bandarini lilisimama kila mpaka, likafunguliwa, likahesabiwa upya na watu wa nchi nyingine. Tangu mwaka 2014 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoanza utaratibu wa himaya moja ya forodha, taarifa za mzigo hutangulia mbele ya lori. Mzigo ukishalipiwa ushuru, ofisa wa mpakani anaona kwenye kompyuta yake kilichoandikwa na mwenzake wa Mombasa au Dar es Salaam. Novemba 2017 Rais Museveni na hayati Rais Magufuli walizindua kituo cha pamoja cha forodha pale Mutukula, ambapo mtu anakaguliwa mara moja na nchi zote mbili. Hata mama mwenye mzigo mdogo usiozidi dola 2,000 ana hati yake rahisi ya uasilia wa bidhaa, hahitaji wakala wala safari ya mji mkuu.

Gunia la kahawa, kwa hiyo, husafiri na taarifa zake. Cheti cha mtoto hakijapata bahati hiyo. Kijana aliyemaliza sekondari Bukavu akiwa na diploma ya serikali ya Kongo, au Bujumbura, akifika Nakivale lazima cheti chake kitafsiriwe, tafsiri ithibitishwe, kisha kipelekwe Kampala kulinganishwa na vyeti vya Uganda. Kama alikimbia bila karatasi, atapataje barua kutoka shule ambayo pengine sasa ni kambi ya wanajeshi? Na ikumbukwe kwamba Kongo iliingia katika Jumuiya mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Ukiondoa Waeritrea na Waethiopia, karibu mataifa yote makubwa yaliyopo Nakivale sasa ni ya Jumuiya moja. Wakuu wa nchi walitangaza mwaka 2017 kwamba Afrika Mashariki ni eneo moja la elimu ya juu. Tangazo ni zuri. Halijafika kwenye dirisha la karani.

Nalisema hili kwa kulijua. Wazazi wangu walivuka kwenda Kagera mwaka 1982, katika ile fukuzafukuza ya Wanyarwanda, na ya wote waliodhaniwa kuwa Wanyarwanda, kusini magharibi mwa Uganda. Mimi nilikuwa mgongoni. Nilisoma Karagwe, kwa Kiswahili, kuanzia darasa la kwanza, na cheti changu cha kidato cha nne ni cha Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). Niliporudi nikitaka kusomea ualimu, ofisi moja ilinitaka nithibitishe kwamba mtu wa kwenye cheti, aliyeandikwa jina la baba kwa namna ya Kitanzania, ndiye huyu aliyerudi akitumia jina la ukoo. Nilivuka Murongo mara tatu. Mara ya tatu nilimkuta mwalimu mkuu wangu wa zamani, mzee amestaafu, tukaenda pamoja shuleni, akashusha daftari la usajili kutoka juu ya kabati. Lilikuwa limeliwa na mchwa pembeni lakini ukurasa wangu ulikuwa salama: jina langu, la baba, la mama, kijiji tulikotoka. Aliandika barua kwa mkono, akagonga muhuri. Karatasi ile ndiyo iliyonipa kazi ninayoifanya hadi leo.

Nasimulia haya kwa sababu warejea wengi wanaosoma gazeti hili wana kisa kama hicho, na watoto wetu wanaorudi leo wanakipitia upya kwa njia ya kinyume. Mtoto aliyesoma kwa mtaala wa Uganda hapa Nakivale akirudi na wazazi wake Burundi au Kongo, cheti chake cha UNEB kwa Kiingereza kitahitaji kuelezwa kwa mtu anayesoma Kifaransa. Familia hubebwa na mabasi na magodoro yao. Faili la shule hubaki.

Wenzetu wa ng'ambo ya Kagera

Upande wa pili wa mto kuna jambo la kujifunza. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Miaka ile ya mwanzo waombaji walijaza makaratasi na kuyatuma kwa posta, na kila msimu magazeti yalijaa malalamiko ya fomu zilizopotea. Siku hizi mwombaji anaingia kwenye mtandao na kuandika namba yake ya mtihani wa kidato cha nne. Hiyo ndiyo inayomtambulisha. Majina na matokeo yanatoka NECTA yenyewe, hakuna karani wa kuyaandika upya. Cheti cha kuzaliwa, au cha kifo cha mzazi kwa yatima, kinahakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) kwanza. Anayetoka kaya inayosaidiwa na TASAF anaweka kumbukumbu za kaya hiyo.

Sisemi kwamba mambo ni shwari. Ndugu zangu wa Karagwe hulalamika kila mwaka kuhusu uhakiki unaochelewa na vyeti vya zamani visivyoonekana kwenye mfumo. Lakini ona tofauti: malalamiko yao ni juu ya ofisi mbili kutowasiliana haraka. Malalamiko yetu ni kwamba ofisi haziwasiliani kabisa.

Na hata wakubwa wanajikwaa. Marekani, ambako vijana wengi wa Nakivale wamehamishiwa, kuna fomu iitwayo FAFSA ambayo kila mwanafunzi anayetaka msaada wa serikali wa chuo hujaza. Ilikuwa na maswali zaidi ya 100. Bunge lao likaruhusu taarifa za kipato cha mzazi zitoke moja kwa moja mamlaka ya kodi, ili mtoto asiandike anachokikisia. Wazo lilikuwa jema, ila fomu mpya iliyozoeleka kufunguliwa Oktoba ilifunguliwa mwisho wa Desemba 2023, na wanafunzi ambao wazazi wao hawakuwa na namba ya hifadhi ya jamii, wengi wakiwa watoto wa wahamiaji, walikwama kwa miezi. Mfumo ulijengwa kwa kudhani kila mzazi ana namba. Anayejenga mfumo wa Nakivale aanze na yule asiye na namba.

Orodha inaogopwa, na kwa sababu

Kuna wakati nilidhani dawa ni kuunganisha kila kitu: shule, UNEB, Ofisi ya Waziri Mkuu, UNHCR, wafadhili, vyuo, wote waone kila kilichopo. Wazazi wa Nakivale hawataki kusikia hilo, na wana sababu.

Julai 2010 Wanyarwanda wapatao 1,700 walichukuliwa Nakivale na Kyaka II, wakapakiwa kwenye malori na kurudishwa Rwanda kwa nguvu. Mashirika ya haki za binadamu yaliripoti kwamba baadhi yao walikuwa wameitwa wakiambiwa wanakwenda kupewa chakula au kusikia majibu ya maombi yao ya ukimbizi. Mzee aliyeona siku ile, ukimwambia "tunakusanya majina kwa ajili ya watoto kusoma", atakuangalia machoni kwanza.

Mwaka 2018 ikaja kashfa ya idadi ya wakimbizi. Maofisa wa Ofisi ya Waziri Mkuu walisimamishwa kazi kwa tuhuma za kuongeza majina hewa, na uhakiki wa alama za vidole uliofanyika kuanzia Machi hadi Oktoba mwaka huo ulishusha idadi kutoka milioni 1.4 hadi kama milioni 1.1. Uhakiki ulisaidia, kumbukumbu zilizopo sasa ni bora kuliko za zamani. Lakini ulipanda pia hofu kwamba kugusa faili lako ni kujitafutia kufutwa.

Mbali zaidi, Juni 2021 shirika la Human Rights Watch liliripoti kwamba taarifa za wakimbizi wa Rohingya zilizokusanywa na UNHCR nchini Bangladesh zilipewa serikali ya nchi hiyo, nayo ikazipeleka Myanmar, nchi waliyoikimbia. UNHCR ilijitetea kwamba watu waliulizwa ridhaa. Wengi waliohojiwa walisema hawakuelezwa.

Kenya nao wana somo lao. Wasomali wa Garissa na kandokando, raia halali, waliandikishwa utotoni kama wakimbizi wakati wa njaa ili wapate chakula Dadaab. Walipofika miaka 18 na kuomba kitambulisho, alama zao za vidole zikaonekana kwenye kanzidata ya wakimbizi, wakanyimwa. Wanakadiriwa kufika 40,000. Bila kitambulisho huombi mkopo wa chuo, hufungui hata akaunti ya benki. Hapo kompyuta mbili ziliwasiliana vizuri kabisa, na kijana akaumia kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumsikiliza. Wazazi wenyeji wa vijiji vinavyopakana na Nakivale waliowahi kuandikisha watoto kwa ajili ya posho, wanisikie.

Kuna hofu nyingine ndogo ambayo watu wa ofisini hawaijui, sisi walimu ndio tunaoambiwa. Familia yenye faili la kuhamishiwa Marekani, Canada au Australia haitaki kusahihisha jina la mtoto, hata kama kosa ni la wazi. Wanaogopa kwamba badiliko la herufi moja litarudisha faili lote chini ya rundo. Kwa hiyo wanasubiri. Miaka mitano inapita, safari haijaja, mtoto yuko kidato cha sita na jina la makosa. Ningependa wahusika watangaze hadharani, kwa Kiswahili na kwa Kinyarwanda, kama kusahihisha tahajia kunaathiri faili hilo au hakuathiri. Tangazo la ukurasa mmoja lingewapa wazazi amani.

Kinachowezekana bila mradi mkubwa

Uganda ina Sheria ya Kulinda Taarifa Binafsi ya mwaka 2019. Inasema taarifa zikusanywe kwa kusudi linalojulikana, kwa ridhaa, na zisizidi zinazohitajika. Tukiifuata hiyo, mfadhili wa chuo hana haja ya kujua kwa nini familia ilikimbia, baba yuko wapi, au nani katika nyumba ile ana ugonjwa gani. Anahitaji mambo manne: kwamba huyu ni mkimbizi aliyesajiliwa, kwamba ndiye aliyefanya mtihani ule, alipata alama gani, na anaishi wapi. Mambo mawili ya kwanza yanaweza kujibiwa kwa "ndiyo" au "hapana" bila faili la mtu kufunguliwa.

Pa kuanzia ni kabla ya mtihani, wala si baada yake. UNEB husajili watahiniwa mwanzoni mwa mwaka, na jina likishapita hapo kulibadilisha ni gharama na usumbufu. Mwezi mmoja kabla ya usajili, kila shule yenye wanafunzi wakimbizi ingepaswa kukaa na ofisa wa makazi, orodha mbili zikawekwa meza moja, jina kwa jina. Shule yenye watahiniwa 80 inamaliza kwa siku moja. Mzazi awepo, aambiwe kwa lugha yake kinachofanyika na asaini akikubali. Palipo na tofauti, isahihishwe upande wenye kosa pale pale. Namba ya mkimbizi iandikwe kwenye daftari la shule pembeni ya namba ya mtahiniwa, basi.

Pili, wafadhili wachukue matokeo UNEB moja kwa moja kwa namba ya mtahiniwa, kama wenzetu wanavyofanya na NECTA. Hili lingeondoa tatizo jingine ambalo shule binafsi hazipendi lizungumzwe: hati za matokeo zinazoshikiliwa kwa sababu ya deni la ada. Najua shule zinavyoteseka kwa madeni, mshahara wangu umewahi kuchelewa kwa sababu hiyo hiyo. Lakini kumshikia mtoto karatasi inayoweza kumpatia wa kumlipia ni kama kumfungia mdaiwa duka lake na kumtaka alipe.

Tatu, dirisha la maombi. Wafadhili wengi hutoa wiki chache tu. Kijana wa Kampala anajua siku hiyo hiyo; kijana wa Juru au Rubondo anajua akipata mtandao. Shule zikipeleka majina ya watahiniwa wa kidato cha sita wanaokusudia kuomba kabla hata ya matokeo, mfadhili ataanza uhakiki mapema, na matokeo yakitoka kinachobaki ni alama. Wafadhili nao wawarudishie walimu jibu. Tunapeleka majina kila mwaka, hatuambiwi nani alipata, nani alikosa na kwa nini. Kama tungejua kwamba wanane kati ya kumi walikosa kwa tatizo la jina, tusingesubiri mwaka mwingine.

Na kwa familia zinazorudi kwao: siku ya kujiandikisha kurejea, shule iarifiwe, itoe nakala ya ukurasa wa daftari yenye muhuri. Gharama yake ni fotokopi moja. Mimi najua thamani yake.

Nilipolieleza wazo la meza moja kwa walimu wenzangu, mmoja aliniuliza nani atalipa chai ya ofisa. Swali lake si la mzaha, mikutano mingi ya namna hii hufa kwa chai. Tumekubaliana kwamba chai italipwa na shule, na kwamba tutaanza na kidato cha tatu na cha tano, ambao wana mwaka mzima mbele yao, wala si na watahiniwa wa mwaka huu peke yao. Wazazi waje Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa tatu asubuhi, na barua ya familia, halisi na si nakala. Mwenye barua iliyochakaa aje nayo hivyo hivyo ilivyo. Asiyejua kusoma tutamsomea jina la mtoto wake kwa sauti, herufi kwa herufi, na yeye ndiye atakayesema kama ndilo.